Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Kufikia Nyota Nyingine

Katika toleo lililopita niliandika kuhusu chakula cha wazee wetu, na katikati ya makala nikasema kwamba mifupa ya mwanaanga kijana huchakaa upesi kuliko ya bibi aliyeko kijijini. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Mimi ni afisa lishe mstaafu wa hapa Moshi, roketi sikusomea. Hata hivyo, mengi mliyouliza kuhusu safari za nyota ni maswali ya mwili na chakula, na kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote, kuanzia wodini hadi kwenye mizani ya watoto huko migombani.

Shikamoo bibi. Nipo kidato cha tano, mchepuo wa PCB, hapa Moshi mjini. Mwalimu wetu wa fizikia anasema nyota ya karibu zaidi ukiacha Jua iko mbali mno, mtu atafia njiani. Je, sayansi ikirefusha umri wa binadamu, bado hatutafika?

Marahaba, mjukuu wangu. Chukua kalamu tupige hesabu.

Nyota hiyo inaitwa Proxima Centauri. Nuru yake husafiri miaka 4.24 ndipo itufikie, na hizo ni kilomita zipatazo trilioni 40. Chombo cha Voyager 1 kiliondoka duniani mwaka 1977 na kinakwenda kilomita 17 kila sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa kufika Proxima ungekichukua karibu miaka 75,000. Chombo chenye kasi kuliko vyote tulivyowahi kurusha ni Parker Solar Probe, ambacho Desemba 2024 kilipita karibu na Jua kwa kilomita 192 kwa sekunde. Kasi hiyo kilipewa na mvuto wa Jua lenyewe, lakini tujalie kwamba tungeweza kuishika safari nzima. Ingekuwa miaka 6,600.

Sasa tuje kwenye umri. Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa kumbukumbu zilizothibitishwa ni Jeanne Calment wa mji wa Arles, Ufaransa. Alizaliwa 1875, akafariki 1997 akiwa na miaka 122. Tangu hapo hakuna aliyempita. Wengi huchanganya mambo mawili hapa: wastani wa maisha na ukomo wa maisha. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wastani wetu ulikuwa chini ya miaka 50; leo umepita 65. Ongezeko hilo tumelipata hasa kwa kuokoa watoto, kwa chanjo, maji safi, maziwa ya mama, dawa ya malaria na wakunga waliosomea kazi yao. Ukomo, yaani ule umri ambao mwili wenyewe hukataa, haujasogezwa na chochote kati ya hivyo.

Kwa hiyo ungehitaji watu 54 wenye umri wa Bibi Calment wapokezane kijiti, mmoja akifa mwingine anazaliwa, ndipo miaka 6,600 itimie. Ukifanikiwa kuongeza umri wa binadamu mara mbili, bado unahitaji 27. Geuza hesabu upande wa pili uone: chombo kikipata kasi ya asilimia 10 ya nuru, safari ni miaka 42 na ushee. Aliyeondoka akiwa na miaka 25 atafika akiwa na 67, na kule Kibosho nawajua wengi wa umri huo wanaopalilia kahawa yao wenyewe. Kasi ikipatikana, umri tulio nao unatosha. Isipopatikana, hakuna umri utakaotosha, na njia inayobaki ni watu kuzaliwa, kulea na kuzikana humo humo chomboni, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa wakiongozwa na Frédéric Marin walipiga hesabu ya safari ya namna hiyo ya miaka 6,300 kwa kompyuta, wakapata kwamba watu 98 wangetosha kuanzisha ukoo usioharibika kwa kuoana ndugu kwa ndugu.

Mwambie mwalimu wako swali linatoka mikononi mwake hapo, linaingia jikoni.

Mama, naandika kutoka Machame. Mume wangu amenunua vidonge vya kurefusha maisha kwa shilingi 80,000. Aliyemuuzia amemwambia ndivyo wanavyotumia wanaanga. Ni kweli?

Si kweli, dada yangu. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kumwongezea binadamu ukomo wa maisha, si angani wala duniani. Wanaanga hupewa vitamini D kwa sababu wamefungiwa ndani ya chombo na jua haligusi ngozi yao. Sisi wa Machame tunalipata bure tukitoka nje. Mwanaanga Scott Kelly alikaa angani siku 340 mwaka 2015 hadi 2016 huku pacha wake Mark akibaki duniani, wakapimwa wote wawili kwa makini sana. Ncha za kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, zile ambazo wauzaji wa vidonge hupenda kuzitaja, zilirefuka akiwa huko juu, na aliporudi zikafupika upesi. Hakuna aliyesema amekuwa kijana.

Angalia kama chupa ina namba ya usajili ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Isipokuwepo, mwache kabisa asimeze. Na kama mume wako ana dawa za presha au za sukari, hakikisha hajaziacha kwa ajili ya hivi vidonge. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana nimeshuhudia watu wakiletwa wodini kwa sababu hiyo.

Nina kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo wetu, cha ekari moja na nusu hapa Old Moshi. Nilirithi kwa baba, naye alirithi kwa babu. Kimetulisha wote. Hao wa kwenda kwenye nyota, wanabeba chakula cha kukausha au wanaweza kubeba kihamba?

Nakusalimu kwa heshima, meku, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ndiyo iliyonifanya nitoe safu yote kwa jambo hili.

Tuanze na cha kukausha. Mwanaanga mmoja hutumia kilo 1.8 hivi za chakula kwa siku ukihesabu na vifungashio. Wale watu 98 wangekula tani 64 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 6,600, unapata tani zaidi ya 420,000, na hakuna chombo cha kubeba hizo. Tuseme kingekuwepo: chakula chenyewe hakikai. Vitamini C na vitamini B1 hupungua ndani ya pakiti mwaka hadi mwaka, hata kama ladha ni ile ile. Safari ya Mars tu, ambayo ni mlango wa jirani, inataka chakula kinachodumu miaka mitano, na vyakula vingi vya wanaanga wa leo havifiki huko vikiwa na lishe yake kamili.

Pwani yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Vasco da Gama aliporudi kutoka India alivuka bahari karibu miezi mitatu, kuanzia Oktoba 1498, na mabaharia wapatao 30 wakafa njiani kwa kiseyeye, fizi zikivimba na kufunika meno. Walipofika Malindi Januari 1499, kitu ambacho wagonjwa walikililia ni machungwa. Waliobaki walikuwa wachache mno hata ikabidi wachome moto jahazi lao moja. Mabaharia hao walikuwa na chakula. Kilichokosekana ni vitamini C, ambayo mbuzi wako hujitengenezea ndani ya ini lake, na sisi binadamu hatuwezi.

Kwa hiyo lazima walime. Wameshajaribu, na majaribio yenyewe yanafundisha. Kule Krasnoyarsk, Siberia, katika jengo lililofungwa liitwalo BIOS-3, watu watatu walikaa miezi sita mwaka 1972 na 1973 wakivuta hewa iliyosafishwa na mimea waliyoilima wenyewe. Jaribio kubwa zaidi lilikuwa Biosphere 2, jumba la vioo kwenye jangwa la Arizona, Marekani. Watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, waliingia Septemba 1991 wakatoka Septemba 1993. Shamba lao lilikuwa karibu nusu ekari. Ungeingia humo, meku, usingejiona mgeni: migomba, mipapai, viazi vitamu, karanga, kuku, mbuzi wafupi wa asili ya Afrika, na mibuni michache ambayo iliwapa kikombe cha kahawa kwa nadra sana. Walipata sehemu kubwa ya chakula chao, lakini njaa haikuwaacha, na wote walikonda.

Kilichokaribia kuwashinda hawakukitarajia. Udongo waliuweka wenye mboji nyingi, wakidhani wingi ni heri. Vijidudu vya udongoni vikala mboji ile na kuvuta oksijeni, vikitoa hewa ukaa. Saruji mbichi ya kuta nayo ikainyonya hewa ukaa kabla mimea haijaigeuza kuwa oksijeni tena. Kwa miezi 16 oksijeni ilishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 14, sawa na kuishi kambi ya Barranco huko mlimani kwetu Kilimanjaro, usiku na mchana, huku unalima kwa jembe. Januari 1993 ikabidi wapuliziwe oksijeni kutoka nje. Chombo kilicho katikati ya nyota hakina nje ya kupuliziwa.

Sasa kihamba chako. Watafiti wale wale wa Ufaransa walikadiria kwamba watu 500 ndani ya chombo wangehitaji hekta 45 hivi za kulima na kufuga, tena kwa mitambo ya kisasa inayonyunyizia mizizi maji bila udongo. Gawanya kwa familia ya watu sita, unapata ekari moja na theluthi. Ni kihamba, meku! Wanasayansi wakiwa na kompyuta zao, na mababu zetu wakiwa na masale yao, ile mimea ya kuwekea mipaka, mpakani, wamefika kwenye kipimo kinachokaribiana, na nilipomaliza hesabu hiyo nilisimama nikatembea chumbani.

Ila tusijidanganye kwamba kihamba kinajitosheleza. Kina mapishano mazuri: mgomba unampa ng'ombe majani, ng'ombe anatoa samadi, samadi inarudi shinani, kahawa inakaa kivulini, maharage na magimbi chini yake. Lakini maji yanatoka kwenye msitu wa mlimani kupitia mfereji, madini yanatoka kwenye majivu ya volkano, na chumvi unanunua sokoni Kiboriloni kwa pesa ya kahawa. Mlima unakulipia madeni yako kila mwaka. Kwenye chombo hakuna mlima. Kituo cha kimataifa cha anga kilitangaza mwaka 2023 kwamba sasa kinarudisha asilimia 98 ya maji yake, pamoja na jasho na mkojo, na ni kazi ya kusifiwa. Lakini ukipoteza asilimia 2 kila mzunguko, baada ya mizunguko 34 nusu ya maji yako imekwisha. Kwa safari ya vizazi, kila gramu ya maji, ya fosfori, ya chuma, lazima irudi ilikotoka.

Na hapa nitasema jambo ambalo waandishi wa anga hulikwepa. Mwili wa mtu mzima una zaidi ya nusu kilo ya fosfori, na nyingi imo mifupani. Wachaga tunazikana kihambani. Watu wa chombo nao watalazimika kumrudisha marehemu kwenye udongo unaowalisha watoto wake, tena kwa heshima na kwa ibada, vinginevyo baada ya vizazi kadhaa mimea itadhoofika. Atakayepanga safari hiyo na asiwe na mtu wa kulizungumza hilo vizuri na familia, hajapanga safari.

Kama wangeniuliza, ningewaambia wasibebe aina moja ya ndizi wala aina moja ya maharage. Ndizi huoteshwa kwa machipukizi, kwa hiyo mashina yote ya aina moja ni kama ndugu pacha, na mnyauko ukilijua moja umeyajua yote. Wewe una aina ngapi kihambani? Usizing'oe zile za zamani kwa sababu tu sokoni haziendi.

Kwenye sinema wanalazwa usingizi mrefu wanaamka wamefika. Hili likoje? (Msomaji, Majengo)

Wanyama wapo wanaoweza. Kule Madagaska kuna komba mdogo mwenye mkia mnene ambaye hujificha kwenye tundu la mti hadi miezi saba, akitumia mafuta aliyoyaweka mkiani, na yeye ni wa jamii ya nyani na sisi, tena wa nchi ya joto. Dubu naye hulala miezi ya baridi akaamka na mifupa yake imara. Binadamu hatujafika huko: madaktari huweza kumpoza mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama hadi nyuzi 32 au 34 kwa siku moja hivi, akiwa chini ya uangalizi mkali. Kutoka siku moja hadi miaka 40 ni mbali. Na aliyelala bado anakula, ila anajila mwenyewe.

Shikamoo mama. Mimi ni mpagazi wa mlimani, naishi Arusha. Nimesikia panya wanaonyimwa chakula huishi sana, basi nimeanza kula mlo mmoja kwa siku, hata nikiwa mlimani. Nafanya vyema?

Marahaba, mwanangu. Hapana, na naomba uache leo.

Habari ya panya ni ya kweli. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba panya waliopewa chakula kidogo, lakini chenye vitamini na madini yote, waliishi zaidi. Baadaye nyani wa jamii ya tumbili wakachunguzwa na makundi mawili ya watafiti huko Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Kundi la Wisconsin lilisema mwaka 2009 kwamba waliopunguziwa waliishi zaidi. Kundi la pili likasema mwaka 2012 kwamba hawakuona tofauti ya umri. Walipokaa pamoja kulinganisha, moja ya tofauti ilikuwa sukari: tumbili wa Wisconsin walioachwa wale watakavyo walikuwa na chakula chenye sukari nyingi. Yaani waliopunguziwa huenda walinufaika kwa kuepushwa na ubaya wa kile chakula chenyewe.

Daktari wa lile jumba la Arizona, Roy Walford, aliamini kwa moyo wote kwamba kula kidogo kungemfikisha mtu miaka 120, naye akaishi hivyo. Alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Namheshimu, kwa sababu alijipima mwenyewe kabla ya kumshauri mtu.

Lakini wewe si panya wa maabara aliyetulia kwenye boksi. Unapanda na kilo 20 kichwani, kwenye baridi, mahali ambapo mwili hukataa hamu ya kula hata pale unapohitaji zaidi. Mlo mmoja mlimani utakula misuli yako na kukupunguzia joto. Wapagazi hufa kwa baridi. Kula uji wa asubuhi wenye karanga, ugali wa dona badala ya sembe kwa sababu ile pumba ndiyo yenye vitamini B1, dagaa, na parachichi ukilipata. Kama unataka kupunguza kitu kwa ajili ya uzee wako, punguza soda, na zile chai zenye vijiko vinne vya sukari. Na ujue kuwa katika nchi ambayo utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, sitamfundisha kijana anayefanya kazi ngumu kujinyima chakula.

Mama, mimi ni mkwe wa bibi mmoja wa hapa Rau, ana miaka 81. Ulisema mifupa yake na ya mwanaanga inafanana. Siku hizi anakunywa chai na mkate tu, na ameanza kukaa kitandani. Nimsaidieje?

Mpe salamu zangu, na wewe hongera kwa kumtunza mama wa mwenzio kwa moyo huo.

Angani mwili haubebi uzito wowote, na mfupa usiobeba huanza kujibomoa. Mwanaanga asiyefanya mazoezi ya kutosha hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi, kiasi ambacho mama aliyekoma hedhi anaweza kukipoteza kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu hupangiwa mazoezi ya saa mbili kila siku. Daktari wa Urusi, Valeri Polyakov, alikaa angani siku 437 mfululizo mwaka 1994 na 1995, hakuna aliyempita kwa safari moja, na alipotua alitembea mwenyewe kutoka kwenye chombo hadi kiti kilichokuwa karibu, akitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kufika Mars akiwa na nguvu za kufanya kazi. Hakuwa ameacha mazoezi.

Kitanda kinamfanyia bibi yale ambayo anga inamfanyia mwanaanga. Kwa hiyo mwinue. Mkalishe kwenye kiti kigumu kisicho cha chini sana, umshike mikono, asimame na kukaa mara chache, asubuhi na jioni, akizoea mwongezee. Atembee hadi kwenye migomba akaone kuku wake. Asubuhi akae juani, mikono na miguu ikiwa wazi.

Chai asinyimwe, ila isiwe mlo. Muhimu ni protini, kwa sababu wazee wengi huzikosa kuliko vijana wanavyofikiri, na bila hizo misuli haimshiki asianguke. Mpikie mtori wenye nyama iliyosagika kabisa. Twanga dagaa na mifupa yake uchanganye kwenye mchuzi, hiyo ni kalsiamu ya bei nafuu kuliko kidonge chochote. Maziwa mgando, yai moja kila siku ikiwezekana, maharage yaliyopondwa, mchicha na mnafu wenye kijiko cha mafuta. Mpe kidogo kidogo mara tano kwa siku, kwani sahani kubwa humkatisha tamaa. Chunguza meno yake pia. Mara nyingi mzee anayesema hana hamu huwa ana maumivu mdomoni na anaona aibu kusema.

Halafu toa mkeka unaoteleza mlangoni, weka taa kati ya chumba chake na choo, na umpeleke akapimwe macho. Nyonga nyingi nilizoziona wodini zilivunjika usiku, njiani kwenda chooni.